Malalamiko Dhidi ya Lenzi Inayoona Mpaka Pembeni

Studio Sura Njema,
Nyuma ya soko la samaki,
Baraka.
Tarehe 4, mwezi wa sita, 1975.

Kwa Sitwayeni (Mwananchi) Mutambo,
Mwenyekiti wa Kamati ya Sikukuu na Mapambo,
Baraka.

YAHUSU: KUISHITAKI LENZI YANGU MWENYEWE

Sitwayeni Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu nikiwa nimevua kofia, ingawa hunioni. Mimi ni Mashaka mwana wa Useni, mpiga picha, yule uliyemwita "jicho letu" mbele ya watu wote siku ya sikukuu ya Chama, tarehe ishirini ya mwezi uliopita, nilipopanda juu ya pipa na kupiga ile foto kubwa ya halaiki. Naandika kulalamika. Sitalalamika juu ya mtu, maana katika Baraka yetu sijui mtu wa kulalamikiwa. Nalalamika juu ya kioo. Nashitaki lenzi yangu mwenyewe, na naomba Kamati yako iichukulie hatua kali.

Kisa chenyewe unakijua, lakini barua rasmi hurudia hata yanayojulikana. Katika kona ya kulia ya foto ile anaonekana mtu mmoja, mdomo wazi kabisa, mkono kando ya mdomo. Katibu wako, Sitwayeni Placide (jina hilo la ubatizo, lililokwisha kukatazwa, nalitaja kwa sababu ndilo analoitikia haraka, si kwa nia ya kulirudisha), alimwona alipokuwa akihesabu vichwa kwa kioo cha kukuzia ili aandike ripoti ya Bukavu. Kioo hicho nilimwazima mimi, na kwa moyo mweupe. Alipofika kichwa cha mia nne na kumi na moja akasimama, akaniuliza: "Huyu muntu iko napiga miayo mbele ya Chama?" Mimi nikatazama, nikaona miayo. Nikacheka. Kicheko kile ndicho ninachojutia kuliko vyote nilivyofanya mwaka huu.

Mtu yule ni Azarias Sebatware, mfugaji wa Bibokoboko, huko milimani. Alikuwa ameshuka na wenzake kuleta yule ng'ombe ambaye watu wa milimani walimtoa kwa ajili ya karamu, kwa hiari yao, baada ya barua yako ya tatu. Nyama tuliila sote na ilikuwa laini. Mimi nilipewa mguu. Azarias aliporudi Baraka sokoni wiki iliyofuata alikamatwa, na leo ni siku ya tisa yumo kashoni, chumba cha mahabusu. Nimesikia kesi yake ilikuwa fupi. Sitwayeni Placide alimwuliza: "Siku ya sikukuu, wakati wa wimbo, ulifungua mudomo ao hukufungua?" Naye, kwa kuwa watu wa kule juu hujibu kile walichoulizwa na kunyamaza, akasema: "Nilifungua." Ikaandikwa kwamba amekiri.

Mke wake, Nyirakamana, ameshuka pia. Kila siku anampelekea chakula, kisha anakuja kukaa kwenye benchi la wateja wangu, na kibuyu chake cha maziwa miguuni. Hanilaumu. Ananiamkia vizuri na kuniuliza habari za nyumbani. Foto yenyewe sijamwonyesha hata siku moja, kwa aibu, naye hajaiomba. Wateja wakimkuta pale hawakai, wanasema watarudi. Ndiyo sababu nimeamua kusema ukweli wote juu ya lenzi hii, nikitumaini kwamba ikipatikana na hatia, Azarias atakuwa hana.

Kwanza nieleze, maana Kamati ina kazi nyingi na si lazima ijue mambo ya vioo. Lenzi pana ni ile inayoona uwanja mzima bila mpiga picha kulazimika kurudi nyuma mpaka aingie ziwani. Ninazo mbili, za upana mmoja, zinaingia katika kamera moja. Ya kwanza naiita Mzee. Niliipata kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki wa Kalemie, wakati ule wageni walipokabidhi maduka yao kwa wananchi kwa furaha. Alikuwa na furaha mpaka machozi yakamtoka, akanipa lenzi akisema afadhali mimi. Ya pili naiita Mpya. Ilikuja kwa boti kutoka Bujumbura ndani ya gunia la maharage, na tangu siku ile nimekuwa kama mtu aliyeoa mke wa pili, kila saa kulinganisha.

Kulinganisha kwenyewe nilifanya kwa njia ya haki, na mashahidi wapo. Niliazima nyavu ya ndakala, yaani dagaa, ya shemeji yangu, ile yenye matundu madogo ambayo hata kidole cha mtoto hakipiti, nikaitandaza juu ya ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa. Mke wangu Zubeda aliishika upande mmoja na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Baba Kulthumu, hii nyavu ni ya kuvua ndakala, haiko nguo ya ukuta." Nikaweka kamera juu ya kinu ili isitikisike. Nikapiga kwa Mzee, nikapiga kwa Mpya, tundu la lenzi likiwa wazi, kisha nimelibana kidogo, kisha nimelibana sana. Filimu nzima nilimaliza kwa nyavu. Halafu nikasafisha, nikachukua kioo cha kukuzia, nikahesabu matundu.

Katikati, Sitwayeni, lenzi hizi ni pacha: kila fundo la uzi lipo. Ukianza kutoka katikati kwenda pembeni ndipo zinapoachana. Kwa Mzee, nyavu inalegea pole pole, na ukifika konani hakuna nyavu tena, kuna uji. Hata nikibana tundu mpaka mwisho, uji unakuwa mzito kidogo tu. Kwa Mpya, nyavu ni nyavu mpaka ukingo wa karatasi. Katika kona moja niliona fundo ambalo shemeji alilifunga vibaya. Nilipomwonyesha alikwenda kulitengeneza, na samaki wake wakaongezeka.

Siku ile niliona hayo kuwa sifa. Leo nayaleta kwako kama malalamiko, na nitayahesabu ili yasichanganyike.

1. Lenzi hii ilinitia kiburi. Nilizunguka soko zima na ile foto ya nyavu, nikiwaambia wauza samaki na wasuka mikeka: "Lenzi yangu haisahau mtu." Kwa maneno hayo hayo ulinisikia na kuniagiza nipige foto ya sikukuu kwa Mpya, ikuzwe mita nzima, iende kwenye maonyesho ya Bukavu. Kama ningekaa kimya foto ingepigwa kwa Mzee, na Azarias angekuwa uji. Angekuwa nyumbani kwake sasa anakamua ng'ombe. Mtu mzima kuumia roho kwa sababu hakumfanya mwenzake kuwa uji si jambo la kawaida, lakini ndivyo ninavyoumia.

2. Lenzi pana huvuta watu wa pembeni. Hili si siri ya ufundi wangu, kila mpiga picha analijua. Anayesimama katikati anatoka kama alivyo, na anayesimama ukingoni ananyooshwa kama unga wa chapati. Kwenye harusi moja mwaka jana shangazi wa bwana harusi alisimama mwisho wa mstari, kichwa chake kikatoka kirefu kama papai, na mpaka leo ananipita njiani bila salamu. Mzee naye anavuta, lakini akishavuta anaficha kwa ukungu, kwa adabu. Mpya anavuta kisha anaonyesha wazi kile alichovuta. Sasa nauliza kwa unyenyekevu: kama kichwa cha shangazi kiliongezeka theluthi, mdomo wa Azarias uliongezeka kiasi gani? Nimepiga hesabu mara tatu. Mara ya kwanza nilipata mdomo uliofunguka kidogo, kama wa mtu anayesema "oyee". Mara ya pili nilipata mdomo wa mtu anayetabasamu kwa ajili ya Chama. Mara ya tatu nilipata mdomo uliofungwa kabisa, na hesabu hiyo ya tatu ndiyo ninayoiambatanisha.

3. Na hapa naomba ukae kitako. Lenzi hii haijui vyeo. Tazama foto za Mzee: katikati yuko kiongozi, safi, kola ya koti lake la abakosti imenyooka. Wanaofuata ni wajumbe wa Kamati, safi kidogo kuliko yeye. Kisha akina mama wa animasyo, wanaoimba na kucheza kwa ajili ya Chama: nguo zinaonekana, sura si sana. Kisha umati. Halafu ukungu, na ndani ya ukungu ule wananchi wameungana, mtu hajulikani na mwingine, roho moja, mwili mmoja, kama tunavyoimba. Mzee hakuzaliwa hapa, lakini amejifunza. Mpya je? Nimehesabu katika foto yako: kwenye abakosti yako vinaonekana vifungo vitano, na katika kinywa cha mfugaji aliyesimama mwisho wa uwanja yanaonekana meno kumi na moja. Mtu wa kona amepewa ukali ule ule aliopewa mtu wa katikati! Ikiwa kioo kinaweza kufikiri hivyo, watu nao wataanza kufikiri nini? Leo meno, kesho mtu wa kona atauliza kwa nini yeye hana kiti.

4. Inazua vitu. Hili nadhani litaizamisha kabisa. Chukua kioo, Sitwayeni, utazame kando ya Azarias, mahali karatasi inapoishia. Utaona ufagio. Ndiyo, ufagio, umening'inia hewani kwa kamba nene, hakuna mkono unaoushika. Nimeuliza kila aliyekuwa uwanjani. Hakuna aliyeona ufagio ukiruka siku ya sikukuu, na ungekuwepo wangeusahauje? Lenzi inayoona mafagio yanayoruka ina haki gani ya kusema kwamba mtu amepiga miayo? Katika baraza lolote shahidi wa namna hii angefukuzwa kwa viboko.

Tena si kona ya kulia peke yake. Ningependa kunyamaza juu ya kona ya kushoto, lakini mshitaki wa kweli haachi ushahidi nyumbani. Katika kona ya kushoto, nyuma ya jukwaa, wakati ninyi wote mmewapa mgongo na mnaimba, wanaonekana wanaume wanne wamebeba mabati vichwani. Wanaelekea barabara ya ufukweni. Kwenye ukingo wa bati la juu zinasomeka herufi tatu zilizopigwa kwa rangi: M, A, T. Sasa mimi na wewe tunajua kwamba mabati yenye alama ya MAT ni yale yaliyoletwa mwezi wa tatu kwa ajili ya kuezeka maternite (nyumba ya wazazi) ya kata yetu, na maternite iko upande wa pili kabisa, njia ya mlimani. Kwenye barabara ya ufukweni hakuna maternite. Kuna nyumba yako mpya, ambayo paa lake linang'aa hivi kwamba wavuvi siku hizi wanalitumia kurudi nchi kavu, na wanakushukuru.

Usinielewe vibaya! Mimi siamini kona hiyo hata kidogo. Nimesema lenzi inazua, na kama imezua ufagio, itashindwaje kuzua mabati? Nimemwambia hata Zubeda hivyo. Yeye ni mwanamke mwenye hasira za karibu, kwa sababu binti yetu Kulthumu alijifungua katika maternite ile mwezi wa nne, chini ya turubai, mvua ikinyesha, na Zubeda alisimama tangu asubuhi mpaka mchana ameshika mwavuli juu ya mkunga. Alipoona kona ya kushoto alisema: "Banabeba paa ya mujukuu wangu." Nilimkemea. Nilimwambia kwamba huo ni uongo wa kioo, kwamba pembeni kila kitu kinavutwa, na huenda hata njia ilivutwa ikageuka upande. Alikwenda kuosha vyombo kwa kelele.

Kwa hiyo Kamati itaona jinsi jambo lilivyo jepesi. Kona zote mbili zilipigwa kwa lenzi moja, sekunde moja, tundu moja. Tukisema kona ya kushoto ni uongo, na ni lazima tuseme, basi ya kulia nayo ni uongo na Azarias hakupiga miayo. Sioni njia ya kuamini upande mmoja na kukataa wa pili, nami nimejitahidi, maana nilijua ungeniuliza.

5. Lenzi hii inaharibu kazi yangu na umoja wa taifa kwa wakati mmoja. Tangu Azarias akamatwe, watu wakiniona na kamera wanakimbilia katikati. Hakuna anayekubali kusimama pembeni. Juma lililopita niliitwa Kilembwe kwenye arusi, watu sitini walijipanga nyuma ya bibi arusi katika mstari mmoja mwembamba, kila mtu kisogo cha mwenzake, na bwana arusi hakuonekana kabisa. Baba wa msichana ananidai nimwonyeshe mkwe. Kesho kutwa nitapiga foto ya Salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, na nimeambiwa watu wote watafyeka nyasi mahali pamoja, katikati, na kando za barabara zibaki kichaka. Nchi haiwezi kujengwa na watu wa katikati peke yao. Kona zitabaki na nani?

6. Lalamiko la sita nilikuwa nalo, nimelifuta. Lilihusu kiasi cha nyama walichopewa wageni wa jukwaani, ambacho pia kinaonekana.

Kutokana na hayo yote, naiomba Kamati yako tukufu yafuatayo. Kwanza, itangaze kwa kipaza sauti, siku ya soko, kwamba lenzi Mpya ni mwongo na mchochezi. Pili, lenzi hiyo ikamatwe na kuwekwa kashoni badala ya Azarias. Nitaileta mwenyewe, imefungwa katika kitambaa cha pamba, na kila siku nitakuja kuifuta vumbi, kwa gharama zangu, ili serikali isipate hasara. Ina gramu mia tatu tu, haitajaza nafasi. Tatu, Mzee apewe kadi ya Chama na atangazwe kuwa lenzi ya pekee ya sikukuu zote, ili viongozi watoke wazi na wananchi watoke ukungu, kila mtu kwa kiasi chake. Nne, foto ya Bukavu ipigwe upya. Tutawaita watu warudi uwanjani, tutaimba tena, na ng'ombe mwingine, kama watu wa milimani watakuwa na hiari iliyobaki.

Tano ni Azarias. Mpe ruhusa arudi kwake. Hapa naacha ufundi, nasema kama mtu: nimepita mara mbili nje ya kasho nikamwona kwenye dirisha, ameshika vyuma, anatazama milima. Mara zote mbili alinisalimu kabla sijamsalimu. Mimi ndiye niliyemweka mle, kwa kioo changu, kwa kicheko changu. Siku hizi Zubeda ananipakulia na mimi narudisha sahani kama ilivyokuja.

Nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa. Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, wazee wa Kamati, Sitwayeni Placide (mwambie kioo changu cha kukuzia bado anacho kimoja, akirudishe akimaliza), akina mama wa animasyo, mlinzi wa kasho ambaye ni mtu mpole, na wale wanaume wanne, kama wapo.

Ndimi mtumishi wako asiye na kona,

Mashaka mwana wa Useni,
mpiga picha.

P.S. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, samahani kwa mikunjo.

Nilipokuwa nalamba gundi, Nyirakamana aliinuka kwenye benchi akaniuliza ninaandika nini siku nzima. Nikamwambia ninaandika kwamba mdomo wa mume wake ni uongo wa kioo. Akasema: "Baba Kulthumu, leta nione." Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamtandikia foto mezani, nikampa kioo cha kukuzia cha pili, nikatazama ukutani.

Aliinamia kona ile kwa kioo. Kisha akasema: "Ni yeye." Kisha nikasikia anacheka, mwanamke ambaye kwa siku tisa sijaona jino lake. "Nani alikuambia huyu iko napiga miayo? Huyu iko naita Gaju!"

Gaju, Sitwayeni, ni ng'ombe. Ni yule yule wa karamu, aliyezaliwa nyumbani kwao na kupewa jina kwa rangi yake. Ngoma za animasyo zilipoanza, kama Azarias alivyomsimulia mkewe aliporudi nyumbani, ng'ombe alishtuka, akaivuta kamba, akatimua mbio. Na kule milimani ng'ombe hafukuzwi kwa fimbo akikimbia, anaitwa: mdomo wazi, mkono kando yake, vidole viwili vimekunjwa, sauti ndefu. Sisi wa ziwani tungejuaje? Hakuna aliyewahi kumwita samaki akaja. Ili nisibishe, Nyirakamana alisimama katikati ya studio yangu akaita. Zubeda aliangusha sufuria. Mbuzi wa jirani waliinua vichwa. Nikatazama mdomo wake, nikatazama foto: mdomo ule ule, mkono ule ule, vidole viwili vilevile vimekunjwa.

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu ufagio. Akaweka kidole ukingoni mwa karatasi. "Huu ni mukia yake."

Kwa hiyo naomba barua hii yote uione kama haikuandikwa. Hesabu zangu tatu za mdomo ni upuuzi. Lenzi Mpya haivuti kitu kisichokuwepo na haizui. Ilichoona kulia kilikuwepo kulia. Azarias alifungua mdomo kweli, kama alivyokiri, na alifungua kwa sababu nyama ya Chama ilikuwa inatoroka. Angefunga mdomo kama wananchi wema, wewe na wageni wa jukwaani mngekula ugali mtupu.

Nimekuza kona zote mbili, kila moja karatasi nzima, ukubwa mmoja, ukali mmoja. Katika ya kulia mkia unaonekana unywele kwa unywele. Katika ya kushoto herufi tatu zinasomeka bila kioo, na mmoja wa wale wanne amegeuza uso. Umtume Sitwayeni Placide aje achukue ya kulia, iwe ushahidi, aje na karatasi ya kumtoa Azarias. Ya kushoto bado sijajua ni ya nani. Gari la foto za Bukavu linapita Ijumaa.

Nyirakamana amerudi kwenye benchi. Nimemwuliza kama naye atapenda nakala. Amesema atachukua moja, ya Gaju, kwa sababu Gaju mmekwisha kumla. Ya mume wake hataki foto.